Hesabu ya Bakuli Lisiloisha

Mgahawa wa Kiitaliano wenye matawi mamia ni mtoto wa Marekani, hata kama jina lake na picha za ukutani zinataja Italia. Olive Garden, maarufu kuliko yote, ilifungua mlango wa kwanza mjini Orlando, Florida, mwezi Desemba 1982, na aliyeianzisha ni General Mills, kampuni ya unga na nafaka za kifungua kinywa. Mwaka 1995 General Mills ilijitenga na biashara ya migahawa, ikazaliwa kampuni ya Darden, na leo Olive Garden ina matawi zaidi ya 900. Meza yake inafahamika hata kwa asiyewahi kuikalia: kikapu cha mikate mirefu laini yenye harufu ya kitunguu saumu, bakuli kubwa la saladi la kugawana au supu, kisha sahani ya pasta inayoweza kushibisha wawili. Mikate huongezwa, saladi huongezwa, supu huongezwa, na bili haibadiliki, mpaka mlaji mwenyewe aseme basi.

Meza hiyo hiyo humpokea mtu anayekula kwa mizani. Hajakatazwa chochote na daktari. Anafanya mazoezi, anataka kupunguza mafuta mwilini bila kupoteza misuli, na kila anachokula hukiandika kwenye simu kabla hakijapoa. Sheria zake ni chache. Kalori za siku zina kikomo, tuseme 1,800 kwa mwanamume wa kilo 75 anayepunguza mwili. Protini haina budi ifike kiwango fulani, gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito ndicho kipimo kinachotajwa sana na watafiti wa mazoezi ya nguvu, yaani gramu 120 kwa mtu huyu. Wanga na mafuta hugawana kinachobaki, na hapo ndipo hesabu huharibika, maana gramu ya wanga ina kalori 4 sawa na ya protini, ilhali ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya zeituni ni kalori 120 hivi. Mpishi humimina vitatu bila kutazama, na mlaji asigundue lolote zaidi ya kwamba chakula cha leo ni kitamu.

Mgeni wa hesabu hizi humwogopa asiye adui yake. Huogopa pasta. (Kwa msomaji wa Pwani, neno tambi lina ladha ya sukari, iliki na tui la nazi, kwa kuwa ndivyo zinavyopikwa Ramadhani, ndiyo maana menyu za mijini huandika pasta, na makala haya yanafuata menyu.) Gramu 100 za pasta kavu zina kalori 350 hivi, protini gramu 12 au 13, na mafuta yasiyofika gramu 2. Ngano ngumu inayotumika, pamoja na jinsi donge lake linavyoshindiliwa kiwandani, huifanya isagike tumboni polepole kuliko mkate mweupe, kwa hiyo sukari ya damu haipandi kwa kasi ile ile. Huko Italia sahani ya kawaida hupikwa kwa gramu 80 hadi 100 za pasta kavu. Chukua 90: ni kalori 320. Ongeza nyanya zilizochemshwa na kitunguu, kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni, na jibini la kukwangua la gramu 10. Jumla haizidi sana 500. Mtu wa kalori 1,800 anaweza kula hivyo mchana, jioni akala samaki na mboga, na siku ikafungwa salama.

Tofauti iko kwenye kitoweo. Mwitaliano wa kale aliila pasta kama Mtanzania anavyokula ugali: pasta ndiyo mwili wa mlo, mchuzi ni wa kutowelea. Waitaliano walipohamia Marekani, zaidi ya milioni nne kati ya mwaka 1880 na 1924, wengi wao kutoka kusini mwa Italia ambako nyama ilikuwa ya sikukuu, walikuta nyama ya bei nafuu, jibini tele na maziwa yasiyokwisha. Wakapika vyakula vya kwao kwa mkono wa tajiri. Biringanya za parmigiana, zinazopangwa tabaka kwa tabaka na nyanya na jibini, zikapisha kidari cha kuku kilichopakwa chenga za mkate, kikakaangwa, kikafunikwa kwa mozarela. Mchuzi uliokuwa wa kupaka ukawa wa kuogelea. Hakuna cha kuwalaumu. Aliyewahi kulala njaa hapimi siagi kwa kijiko. Lakini upishi uliozaliwa kwa furaha ya wahamiaji ndio uliochukuliwa na makampuni na kupanuliwa, na ndio unaopigiwa hesabu leo na kijana aliyetoka kunyanyua vyuma.

Mfano mzuri ni fettuccine Alfredo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Roma, Alfredo di Lelio aliichanganya pasta ya moto na siagi na jibini la Parmigiano, na maji ya pasta yenye wanga yakaufanya mchanganyiko uwe laini kama uji. Hapakuwa na krimu. Mwaka 1920 waigizaji wa sinema Mary Pickford na Douglas Fairbanks walipita hapo katika fungate yao, wakaipenda, na jina likavuka bahari. Ng'ambo ya pili wapishi wakaongeza krimu, kwa sababu sosi ya krimu haikatiki hata ikikaa kwenye moto saa nzima ikisubiri wateja, na hilo kwa mgahawa wenye meza 60 ni jambo kubwa. Mwaka 1994 shirika la Center for Science in the Public Interest la Washington lilipima vyakula vya migahawa ya Kiitaliano ya Marekani, likaibandika Alfredo sifa ambayo haijaitoka hadi leo: shtuko la moyo lililopakuliwa sahanini. Kwa menyu za miaka ya karibuni, sahani ya jioni ya fettuccine Alfredo katika Olive Garden ina zaidi ya kalori 1,200. Iitwayo Tour of Italy, inayokusanya kuku wa parmigiana, lasanya na hiyo Alfredo, hupita 1,500, na hapo mlaji hajagusa mkate.

Mkate ndio wa kukaliwa chonjo. Kila mmoja una kalori 140 hivi. Kikapu cha kwanza huja na mikate sawa na idadi ya walaji pamoja na mmoja wa ziada, na huo wa ziada umezua mabishano mengi ya familia. Unafika ukiwa wa moto, mlaji akiwa na njaa, menyu ikiwa bado imefungwa. Kwa mtu aliyelelewa kwetu, chakula kilicholetwa mezani na mwenyeji hakikataliwi, na mhudumu anayeuliza kama aongeze kikapu anasikika kama mama mwenye nyumba. Mikate mitatu ni kalori 420, sawa na mlo mzima wa mchana wa mtu anayepunguza mwili, na protini yake ni kama ya mayai mawili tu. Mwaka 2014 mfuko wa uwekezaji wa Starboard Value, uliokuwa ukiipigania Darden, ulitoa hati ya kurasa karibu 300 ikieleza jinsi mgahawa unavyoendeshwa vibaya, na miongoni mwa malalamiko ni kwamba wahudumu huleta mikate mingi kwa mpigo ikapoa na kutupwa, na kwamba jikoni wameacha kutia chumvi maji ya pasta ili sufuria zidumu. Mwezi Oktoba wa mwaka huo Starboard ilichukua viti vyote vya bodi. Mikate ya bure haikuondolewa. Wawekezaji wanajua kinachowarudisha wateja.

Kwenye neno bure ndipo mtu wa mizani anapopaswa kusimama kidogo, maana hesabu za menyu na ahadi za mgahawa haziendi njia moja. Menyu imeandika kalori za mkate mmoja, bakuli moja la supu, kipimo kimoja cha saladi. Mgahawa unauza kutokuwa na idadi. Tangu mwaka 1995 Olive Garden imekuwa na msimu wa bakuli la pasta lisiloisha, ambapo mlaji analipa mara moja na kujaziwa hadi achoke. Mwaka 2014 ikauza kadi 1,000 kwa dola 100 kila moja, za kula pasta bila kikomo kwa wiki saba, zikaisha chini ya saa moja. Tarakimu iliyoandikwa kando ya jina la chakula ni ya kweli kwa bakuli la kwanza. La pili halina tarakimu popote isipokuwa kichwani mwa mlaji, na kichwa cha mtu anayeongea na rafiki zake huku akila hakihesabu.

Watafiti wameliona hilo kwa njia nyingine. Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waliwapa watu makaroni ya jibini kwa vipimo tofauti. Waliopewa kikubwa kabisa, kilo moja, walikula nishati asilimia 30 zaidi kuliko walipopewa nusu kilo, na hawakusema wameshiba zaidi. Macho hula kabla ya tumbo, na sahani ndiyo inayoyaambia macho kiasi cha kutosha. Kwa hiyo kumshauri mtu ale nusu tu ya sahani iliyo mbele yake ni kumpa kazi ambayo wengi huishindwa. Wazoefu huomba boksi la kubebea lije pamoja na chakula, wakatenga nusu kabla ya kijiko cha kwanza. Marekani hakuna mhudumu anayeshangaa. Kuondoka na chakula ni desturi ya pale, na kuna migahawa ya Kiitaliano ya matawi, kama Maggiano's, iliyojijengea jina kwa kumpa mteja sahani ya pili ya pasta aende nayo nyumbani.

Kinachosahaulika ni kwamba meza hii ina pia msaada ambao migahawa ya baga na kuku wa kukaanga haina, nao ni supu. Minestrone, supu ya mboga, maharage na pasta ndogo, ina kalori 110 hivi kwa bakuli. Ya viazi, soseji na krimu inayoitwa Zuppa Toscana, na ile ya kuku na donge za viazi, zina mara mbili ya hapo. Mwaka 2007 Rolls na mwenzake walionyesha kwamba watu waliokunywa supu nyepesi kabla ya chakula cha mchana walipunguza jumla ya nishati ya mlo, supu ikiwa ndani yake, kwa takriban asilimia 20. Saladi nayo hufanya kazi hiyo, ila kwa sharti. Katika jaribio la mwaka 2004 sahani kubwa ya saladi yenye sosi nyepesi ilipunguza mlo kwa asilimia 12. Saladi ya ukubwa ule ule iliyojaa sosi nzito na jibini iliongeza. Majani ni yale yale. Katika Olive Garden kipimo cha saladi iliyokwisha kuchanganywa kina kalori 150 hivi, sehemu kubwa yake ikiwa sosi, na ukiiomba sosi ije kwenye kibakuli chake huletwa bila maneno. Minestrone kwanza, kikapu cha mkate kikiwa upande wa pili wa meza: hakuna hila nyingine mgahawani humo inayolingana na hiyo kwa urahisi.

Hata hivyo supu na saladi pekee humwangusha mfanya mazoezi kwa upande wa pili. Anatoka na kalori chache, lakini bakuli la minestrone lina protini gramu chache tu, na mwenye deni la gramu 120 atajikuta saa tatu usiku akichanganya unga wa protini kwenye glasi ya maji. Mlo mkuu ndio unaopaswa kulipa deni hilo, na hapo kinachosomwa ni namna ya kupika kuliko jina. Kidari kile kile cha kuku kikichomwa juu ya chuma ni protini karibu tupu. Kikipakwa unga, yai na chenga za mkate, kikazama kwenye mafuta, kikafunikwa kwa jibini na kuandamana na pasta, sahani hupita kalori 1,000. Samaki wa salmoni wa kuchoma anayepakuliwa na brokoli hana hata nusu ya kalori za fettuccine Alfredo, na protini yake inatosha theluthi ya siku ya mtu wa kilo 75. Pasta kwa sosi ya nyanya na kuku wa kuchoma juu yake inakaa katikati. Maneno yanayostahili kutiliwa shaka ni kujazwa, kukaangwa, kuokwa na jibini, na krimu. Ravioli au lasanya haiwezi kupunguzwa na mpishi yeyote kwa kuwa jibini limo ndani. Sosi iliyopikwa asubuhi kwa sufuria nzima vilevile haitoki siagi yake mteja akiomba. Mteja anaweza kuomba kitu kitengwe au kibadilishwe, pasta ipishe brokoli, sosi ikae kando. Kuomba kipikwe upya si jambo la mgahawa wa matawi, ambao sifa yake yote ni kwamba sahani ya Orlando na ya Seattle zinafanana.

Kufanana huko ndiko kunakowezesha tarakimu kuwepo. Jiji la New York lilianza kuilazimisha migahawa ya matawi kuandika kalori mwaka 2008. Sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 ikaagiza hivyo kwa nchi nzima, kwa kila mgahawa wenye matawi 20 au zaidi, na utekelezaji ukaanza Mei 2018. Menyu hulazimika pia kukumbusha kwamba kalori 2,000 kwa siku ni kigezo cha jumla na mahitaji hutofautiana. England ilifuata Aprili 2022, kwa makampuni yenye wafanyakazi 250 na kuendelea, na hivyo kuigusa PizzaExpress iliyoanza London mwaka 1965, ambayo tayari ilikuwa na piza iliyotobolewa katikati na tundu lake kujazwa saladi. Ni piza ya kuchekesha kidogo, lakini hesabu yake ni ya uaminifu: unga umepungua kwa macho ya kila mtu.

Je, tarakimu hizo zinaaminika? Kwa wastani, ndiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walipima maabara vyakula 269 vya migahawa na kuchapisha matokeo mwaka 2011: kwa jumla tarakimu zilikaribia ukweli, lakini karibu moja katika kila vyakula vitano ilikuwa na angalau kalori 100 zaidi ya zilizotangazwa. Mkono wa mpishi unatikisika. Mwenye akili huandika kalori za menyu kwenye simu yake kisha huongeza kidogo, hasa kwa chakula chenye sosi, na haipotezi jioni yake kubishana kuhusu tarakimu ya mwisho.

Chumvi haiandikwi kando ya jina la chakula, na pengine ndiyo inayozidi kipimo kwa mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani miligramu 2,000 za sodiamu. Mkate mmoja wa Olive Garden una 460 hivi, na bakuli la ile minestrone iliyosifiwa hapo juu linapita 800. Bakuli mbili na mkate mmoja, na kipimo cha siku kimekwisha kwa kalori 360 tu. New York tangu mwaka 2015 huilazimisha migahawa ya matawi kuchora alama ya kopo la chumvi kando ya chakula chenye miligramu 2,300 au zaidi. Kwingi kwingine mlaji inambidi afungue jedwali la lishe kwenye tovuti ya mgahawa. Kwa kijana mwenye moyo mzima na jasho jingi, jioni moja ya chumvi si msiba. Kwa mwenye shinikizo la damu, supu inabadilika kutoka msaada kuwa tatizo, na ushauri wa walimu wa mazoezi haupaswi kutangulia wa daktari.

Mwaka 2025 Darden ilisema inajaribu kuuza vyakula saba vya Olive Garden vilivyopo kwa kipimo kidogo na bei ndogo, mikate na supu zikiendelea kujazwa kama zamani. Sahani imeanza kusinyaa, kikapu bado.

Asubuhi ya kesho yake mtu wa mizani hupanda mizani, na mara nyingi hukuta kilo moja au mbili ambazo hazikuwepo. Hofu hiyo imewafanya wengi waape kutorudi, nayo haina msingi. Kuongeza kilo moja ya mafuta mwilini huhitaji ziada ya kalori 7,700 hivi, na hata Tour of Italy pamoja na kikapu kizima cha mkate haifiki hapo. Uzito ule ni maji. Wanga wa pasta huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu yake hujishikia gramu tatu hivi za maji. Chumvi nayo huyazuia mengine. Misuli iliyojaa hivyo hunyanyua vizuri zaidi siku hiyo, jambo ambalo wakimbiaji wa mbio ndefu hulitafuta kwa makusudi usiku wa kuamkia mashindano. Mtu akirudi kwenye chakula chake cha kila siku, siku ya tatu au ya nne mizani huwa imeshuka ilipokuwa.